Simu za Guerline

Mama yangu, Hortensia Sepúlveda, alimleta Guerline nyumbani baada ya misa, majira ya baridi, maana kanisani alimwona amevaa ndara mvua ikinyesha. Alikuwa ametoka Haiti miezi mitatu tu iliyopita. Tulimpa chumba cha uani, blanketi mbili, na sahani yake mezani. Mama aliona jina lake gumu, akamwita Linda.

"Linda, kula mwanangu, umekonda kama ufagio," alimwambia, akimwongezea maharagwe na tambi.

Guerline alikula. Kihispania chake kilikuwa kidogo, ila neno asante alilijua vizuri.

Simu yake ilipoingia kwenye beseni la kufulia ikafa, mama alimpa namba ya nyumbani kwetu, ili binamu yake Wilner, aliyekuwa mjini Santiago, ampigie hapo. Kila Wilner alipopiga, Guerline alilia, na siku nzima hakutia kitu mdomoni. Mama yake alikuwa mgonjwa huko kwao.

"Simu hizi zinammaliza," mama alisema. "Mwacheni apumzike kwanza."

Basi Wilner alipopiga tena, mama akamwambia Linda ametoka. Mara ya pili, anaoga. Mara ya tatu nilipokea mimi. Guerline alikuwa uani anaanika nguo, namwona dirishani. Mama alinitikisia kichwa kunikataza.

"Amelala," nikasema.

"Dada, nakuomba, mwamshe. Ni mama yake."

"Nitamwambia."

Sikumwambia, wala simu mbili zilizofuata hatukumpa. Mama alisema tungoje apate nguvu kidogo, nami niliona ana akili kuliko mimi.

Jumapili ya pili yake Wilner alibisha hodi tukiwa mezani. Alikuwa amevaa tai nyeusi, viatu vimejaa tope. Yeye na Guerline walizungumza Kikrioli, lugha ya kwao, mlangoni. Guerline akakaa chini palepale, kwenye sakafu.

"Mama yake alizikwa Alhamisi," Wilner alituambia. "Nimepiga mara tano."

"Tulitaka kumlinda, mwanangu," mama alisema. "Kila siku analia, huyu."

Guerline alimuuliza Wilner kitu. Wilner alijibu kwa Kihispania, nadhani ili na sisi tusikie.

"Siku nzima mama yako aliwekewa simu sikioni, akikungoja. Aliuliza umemkasirikia nini, hata hutaki kuzungumza naye."

Baba aliinuka akaenda kuongeza kuni jikoni, ingawa moto ulikuwa unawaka sana.

Nilidhani Guerline ataondoka siku ileile. Lakini Wilner alikuwa anaishi na wanaume saba chumba kimoja, angempeleka wapi? Akabaki. Alikula alichopewa, akaosha vyombo, akasema asante. Hakulia tena mbele yetu.

"Mnaona?" mama alimwambia baba. "Ameanza kuzoea."

Mwezi wa kumi na moja, matunda ya cheri yalipoiva, alipata kazi ya kuyachuma kwenye mashamba ya kusini. Asubuhi ya safari mama alimpa sweta aliyomfumia mwenyewe. Akaipokea kwa mikono miwili.

"Hapa ni kwako, Linda. Urudi wakati wowote."

"Naitwa Guerline," akasema taratibu, bila hasira, akapanda lori.

Hakurudi. Wilner naye tulimtafuta, tukaambiwa amehama. Mama alilia siku mbili, na mpaka leo huwauliza majirani: tulimkosea nini yule binti? Mimi huwa nipo, nasikia. Naendelea kumenya viazi.