Mpira Mweupe

Harufu ilimpokea Waride kabla ya binti yake. Ndiyo kwanza ameshuka kwenye bodaboda pale Bungu, mkoba ungali begani, ikamjia puani: nzito, ya kuchacha, kama shimo la choo lililopigwa na jua la saa saba.

"Muzdalifa!" aliita. "Mmefuga nini humu?"

Muzdalifa alichungulia mlangoni mwa karavani, mtoto ubavuni. "Shikamoo, mama. Mbona sisi hatusikii kitu? Labda tumezoea."

"Marahaba. Mavi hayazoelewi, mwanangu. Ukiyazoea, yamekushinda."

Karavani ile, kinyumba cha bati chenye magurudumu cha kukokotwa na gari, Khalidi, mume wa Muzdalifa, alipewa na kampuni iliyomwajiri kupima mashamba, leo Mbwara, kesho Ngarambe, sasa Bungu. Ndani mna kitanda, jiko, sinki na choo kidogo kama kabati. Chini ya sakafu mna matangi matatu: la maji safi, lita mia tatu, la maji ya sinki na ya kuogea, na la tatu, ambalo Waride, mwenye diploma ya afya ya mazingira na miaka kumi na tisa ya kukagua vyoo vya shule na magulio, aliliita kwa jina lake. Wengine wote waliliita "lile la nyuma."

Na hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa. Mkwe hatajiwi mavi. Khalidi, kijana mwenye adabu zake, tangu amwoe Muzdalifa hakuwahi kumtazama mama mkwe usoni zaidi ya salamu. Wiki iliyopita alimwambia kwenye simu, "Mama, lile la nyuma limekasirika kidogo." Waride akadhani anasema taa ya gari, akamwambia atafute fundi umeme.

Sasa alijifunga khanga ya pili kiunoni, akavaa glovu, akainama kwenye uvungu wa karavani. Mpira mweupe wa maji ulikuwa umechomekwa kwenye tundu la tangi la maji safi, bado unachuruzika. Mpira mweusi, ule wa kusuuzia tangi la choo, ulilala majanini, umepasuka urefu wa mkono. Waride mwenyewe ndiye aliyewafundisha: mweupe wa kinywani, mweusi wa kule kwingine, na hata siku moja isikutane.

Aliuchomoa ule mweupe, akaingiza kidole kwenye tundu lake. Kidole kikatoka na utelezi wa kijivu na ganda la nyanya, limejikunja kama ukucha. Akanusa. Mate yakamjaa mdomoni, akayameza kwa nguvu. Nyanya ile haikutoka jikoni; ilikwisha kupita tumboni mwa mtu.

"Khalidi!"

Khalidi alikuja mbio, akasimama hatua tano mbali naye, macho chini.

"Mpira huu umeingia wapi?"

"Umeingia… pale, mama."

"Pale wapi?"

"Pale nyuma."

"Nyuma kuna barabara, kuna mkorosho, kuna mbuzi wa watu. Nyuma wapi, baba?"

"Kwenye lile la haja."

"Sema."

Khalidi alifuta jasho. "Kwenye mavi, mama."

Yakamtoka yote. Jana jioni choo kiliziba. Mweusi ulikuwa umepasuka, akautumbukiza mweupe toka juu, akasukuma maji mpaka kikazibuka. Leo alfajiri akayavuta maji ya madumu kujazia tangi la kunywa kwa mpira uleule.

"Lakini nimeusuuza mara tatu, mama. Na tangi lina lita mia tatu, limezidi kulateni. Rangi haikubadilika, ladha haikubadilika, harufu haikubadilika. Maji ni twahara."

Somo hilo Waride alilijua tangu chuo cha Kurani Ikwiriri, walipofundishwa habari za birika la msikiti: maji yakitimia kulateni, mitungi miwili mikubwa, kama lita mia mbili, hayanajisiki kwa kuingiwa na uchafu, mpaka yabadilike.

"Hukumu siipingi," alisema. "Tawadha nayo hata sasa hivi. Ila vijidudu vya kuhara havikusoma chuo. Mtoto ameyanywa?"

Salwa, mwenye miezi kumi, alikuwa ameishika chupa kwa mikono miwili, ananyonya kwa raha zake. Waride aliivuta kwa mkono wa pili. Nusu ilikwisha kwenda. Mtoto akaangua kilio.

"Gesi iliisha jana," Muzdalifa alisema kwa sauti ndogo. "Sikuyachemsha."

Waride aliingia ndani, akafungulia bomba, akajaza bilauri. Maji yalimetameta. Akampa Khalidi. "Kunywa."

Khalidi aliiinua mpaka mdomoni. Akaliangalia lile ganda la nyanya juu ya kidole cha glovu, akairudisha bilauri. "Siwezi, mama."

"Basi fungua tangi."

"Ni madumu kumi na tano," Muzdalifa alilalamika. "Ameyasomba kwa baiskeli!"

"Atasomba mengine. Ana miguu."

Maji yakamwagika mchangani yote. Baada ya hapo wakaunga bomba nene mpaka kwenye shimo la choo cha nyumba ya wageni ya jirani. Likaanza tangi la choo, ili maji ya sinki yafuate nyuma na sabuni yake yasafishe njia. Kiungo kilikuwa kimelegea. Uji wa kahawia ukaruka, ukampata Khalidi magotini na Waride kwenye kiwiko, vuguvugu. Nzi walifika kabla hawajajifuta. Waride aliukatakata mpira mweupe kwa panga, akatia maji yenye dawa ya klorini kwenye tangi la kunywa, akafungulia mabomba mpaka kila moja linuke dawa, akaiacha ilale hadi kesho yake.

Kisha akakaa hapohapo amwangalie mtoto. Mama mkwe kulala kwenye kinyumba ambamo kuta ni nyembamba kama kadi, na kila aingiaye chooni husikika mpaka kitandani, ni aibu ya watu wote watatu. Alikaa hivyohivyo. Kila nepi aliifungua mwenyewe dirishani penye mwanga, akaitazama, akainusa. Siku ya pili Salwa aliharisha mara mbili, maji ya kijani yanayonuka yai viza. Waride alikoroga dawa ya kuongeza maji mwilini, akamnywesha kijiko baada ya kijiko, huku Khalidi akisimama mlangoni hajui mikono yake aiweke wapi.

"Ya tatu tukiiona, tunakwenda hospitali Kibiti," Waride alisema. "Ligeuze gari la kampuni lielekee barabarani."

Ya tatu haikuja. Siku iliyofuata, baada ya uji wa asubuhi, mtoto alikunja uso, akajikamua, akacheka. Waride alifungua nepi. Yalikuwa yameshikana, ya njano, mazuri.

"Rudisha gari mahali pake," alimwambia mkwewe.

Aliikunja nepi, akamkabidhi Muzdalifa, akashuka ngazi polepole. Alipofika kwenye mkorosho aliushika kwa mkono mmoja, akatapika yote aliyokuwa akiyameza tangu siku ya kwanza, mpaka machozi yakamtoka.