Majina ya Wanawake wa Kambove

Siku ya Jumanne, saa mbili asubuhi, Dokta Ambroise Kabongo alisoma ujumbe kwenye simu yake akiwa bado amesimama mlangoni pa zahanati, funguo mkononi. Uliandikwa kwa Kifaransa na ulitoka namba asiyoijua. Ulisema: majina ya Kambove tunayo yote. Ripoti yenu ikitoka, na majina yatatoka. Tutayabandika hata kwenye milango ya makanisa.

Hakufungua mlango wa mbele. Alizunguka nyumba, akaenda kwenye chumba cha nyuma ambako Yasmine Dunia alikuwa ameshaanza kazi, kikombe cha chai kando ya kompyuta yake.

"Yasmine, soma hii."

Akasoma. Akairudisha simu, kisha akaiomba tena, akasoma mara ya pili.

"Docteur, ilikuya saa ngapi?"

"Sasa hivi. Banasema beko na majina yote. Yote!"

Majina yenyewe yalikuwa mia tatu na arobaini na moja, ya wanawake wanaoosha mawe ya shaba na kobalti kwenye vijito vya pande za Kambove. Kwa miaka miwili dokta na muuguzi wake, aitwaye Mimi, walikuwa wamekwenda huko kila wiki kuchukua damu na mkojo na kuandika habari za kila mmoja: mimba zilizotoka, watoto waliozaliwa bila pumzi, watoto waliozaliwa na kasoro. Wengi wao hawakuwa wamewaambia hata waume zao. Mama Suzanne Numbi, ambaye ndiye aliyewashawishi wenzake waje, alikuwa amepoteza watoto wawili, na nyumbani kwake ilijulikana kwamba wote wawili walikufa kwa malaria. Palikuwa na wengine ambao mama mkwe angewafukuza siku hiyohiyo. Na palikuwa na wenye mawe, wafanyabiashara wa shaba na kobalti, ambao hawakupenda hata kidogo ripoti ambayo dokta alikuwa anaiandika kutokana na habari hizo.

Yasmine alikuwa na miaka ishirini na tisa. Baba yake alitoka Kasongo zamani, akafungua duka la vipuri vya magari hapa Likasi, naye Yasmine akasomea kompyuta Lubumbashi kisha akarudi nyumbani kufanya kazi na watu wa mbali ambao wengi wao hakuwahi kuwaona. Dokta alipotafuta mahali pa kuweka zile habari, yeye ndiye aliyekataa zisikae kwenye kompyuta ya zahanati, inayoweza kubebwa na mwizi kwapani.

Zilikwenda kukaa nchi nyingine, ndani ya kompyuta kuu ya kampuni inayokodisha nafasi. Kompyuta ya namna hiyo ni kubwa kama kabati la nguo, na ndani yake huendeshwa mamia ya mashine pepe, kila moja ikijiona kompyuta kamili, ingawa zote zinagawana kumbukumbu ya mwili mmoja. Kwa kawaida, anayeshika funguo za kompyuta kuu anaweza kuchungulia ndani ya mashine pepe yoyote. Lakini kuna aina iliyofungwa: chuma chenyewe kinasimba kurasa za kumbukumbu yake, na mwenye kompyuta akizichukua anapata takataka ya herufi tu. Yasmine alitaka hiyo.

Na hapo ndipo walipogombana yeye na dokta, mwezi wa tatu. Ili mashine iliyofungwa iweze kuwaka, kiini cha mfumo endeshi wa kompyuta kuu lazima kiijue, kijue kurasa gani hakiruhusiwi kugusa na nani wa kumwomba ruhusa. Kiini cha kampuni kilikuwa cha zamani. Wakasema watakibadilisha baada ya wiki tatu. Kwa sasa aiwashe mashine yake kama mashine ya kawaida, ataifunga baadaye. Yasmine alikataa.

"Wiki tatu!" dokta alikuwa amesema. "Banamuke banangoja, weye unangoja kiini?"

"Docteur, kama inawaka bila kufungwa hata siku moja, ile siku moja njo ya hatari."

Dokta alinuna wiki zote tatu.

Sasa alikaa juu ya sanduku la dawa, mikono kati ya magoti. "Niende Kambove nibaambie bakimbie?"

"Bakimbie wapi, Docteur? Unipe nusu ya siku tu."

Akawapigia watu wa kampuni. Aliyepokea alisikiliza habari ya ujumbe, kisha akakiri. Ijumaa iliyopita fundi wao mmoja, mwenye funguo zote, alikuwa amenakili kumbukumbu nzima ya kompyuta kuu, wateja wote kwa pamoja, akaondoka na nakala hiyo. Hakurudi kazini. Walikuwa wanaandaa barua ya kuwaarifu wateja.

"Mlikuwa mnaandaa," Yasmine alirudia kwa Kifaransa, polepole. Akaomba aruhusiwe kuingia kwa mbali, palepale kwao, aikague nakala ileile aliyoondoka nayo yule mtu, kwani nyingine ilibaki kwenye diski zao, sehemu ya mashine yake. Walimpa ruhusa. Hawakuwa na uso wa kumnyima.

Umeme wa mtaa ulikatika saa nne kasoro. Muuguzi Mimi akahamisha waya wa kompyuta kwenye betri za friji ya chanjo, akasema friji inaweza kuvumilia hadi saa sita, si zaidi. Mtandao nao ukawa unakuja na kupotea. Yasmine aliandika amri fupifupi, akangoja, akaandika tena.

Alianza na jina Numbi. Mashine ya mbali ilipekua sehemu hiyo yote ya nakala ya fundi, dakika kumi na moja, ikajibu: hakuna. Suzanne: hakuna. Bénie, Princesse, Shalom, majina yaliyojaa kwenye orodha: hakuna, hakuna, hakuna. Dokta alikuwa amesimama nyuma yake, na kila jibu lilipotokea alitoa pumzi kama mtu anayetua mzigo mmoja na kuuona mwingine.

Kisha akaandika Kambove.

Mara kumi na nne.

Yasmine alisikia masikio yake yakijaa maji. Hakugeuka. Dokta alikuwa ameiona namba ile naye, akasema kwa sauti ya chini, "Basi ni ya kweli."

"Ngoja."

"Yasmine, mutoto yangu, imeandikwa pale. Kumi na ine."

"Ngoja, Docteur. Tafazali."

Alijua jambo moja ambalo dokta hakulijua. Mashine iliyofungwa haiwezi kujifunga yote. Ikitaka kuongea na diski au mtandao, lazima iache kurasa chache wazi, kama dirisha dogo la duka ambalo bidhaa hupitishiwa. Kila kinachopita dirishani kinaonekana. Yeye mwenyewe alikuwa ameagiza kwamba chochote cha wanawake kisimbwe ndani kabla ya kufika dirishani. Aliagiza. Lakini kuagiza ni kitu kimoja, na mwezi wa nne, baada ya kungoja wiki zote zile, alikuwa na haraka, na mtu akiwa na haraka husahau mstari mmoja.

Akafungua ya kwanza kati ya zile kumi na nne. Ilikuwa dirishani, kama alivyohofia. Kabla yake palikuwa na namba za mtandao, na baada yake namba nyingine. Katikati: kambove-1.

Akafungua ya pili. Kambove-1. Ya tatu, ya nne. Alipofika ya sita aliweka kiganja mdomoni, na Mimi, aliyekuwa ameingia kuangalia betri, akafikiri analia.

"Ni nini?" dokta akauliza. "Sema!"

"Ni jina ya mashine."

"Mashine gani?"

"Yetu. Siku nilikuwa naiweka, iliniuliza jina, nikaandika kambove-moja. Kila ikitaka kuingia kwa réseau, kwa mtandao, inapiga hodi, inasema jina yake. Njo ile ule fundi aliona; namba yako na habari ya ripoti alisoma kwa mkataba yetu na kampuni. Ni kosa yangu, Docteur. Nilipashwa kuiita kitu ya bure, kikombe ao nini."

"Na majina ya banamuke?"

"Bado sijamaliza."

Alifungua zote kumi na nne. Zote zilikuwa hodi ile ile. Vitu vingine vilivyopita dirishani vilikuwa vimesimbwa, matope matupu, hakuna hata neno moja linalosomeka. Bado palikuwa na hofu moja, na hii hakumwambia mtu mpaka alipoimaliza: je, katika miezi yote hii, mashine haikuwahi kuzimwa na kuwashwa bila kufungwa, hata mara moja, na mtu wa kampuni aliyetaka kurahisisha kazi? Akaingia ndani ya mashine yenyewe, kwa funguo alizokuwa nazo yeye peke yake. Kiini cha ndani huandika, kila kinapoamka, kama kimeamka kikiwa kimefungwa au la. Kilikuwa kimeamka mara sita tangu mwezi wa nne. Mara sita kiliandika: nimefungwa.

Yasmine alisukuma kiti nyuma. 

"Hana kitu," alisema. "Docteur, hana kitu. Eko na neno moja."

Dokta hakuonekana kuamini. Alikuwa mtu wa damu na mkojo, alitaka kuona. Akachukua simu yake, akafikiri, akaandika kumjibu yule mtu: Kama mnayo, nitajieni hata mmoja.

Walikaa watatu kuisubiri simu hiyo mezani. Saa sita ilipokaribia, Mimi alirudisha waya kwenye friji ya chanjo, kompyuta ikabaki na betri yake. Nje mtu alikuwa anapiga mwiko kwenye sufuria. Simu ikatetemeka.

Dokta akasoma kwa sauti: "Tunawajua wanaume wote wa shimo lenu, mmoja mmoja, pamoja na wake zao."

Kisha Mimi akasema, "Banaume?"

"Banaume," dokta akasema. "Banaume ba shimo."

Katika orodha hapakuwa na mwanamume hata mmoja, wala hapakuwa na shimo la mgodi; yule mtu alikuwa anabahatisha tu. Mimi ndiye aliyeanza kucheka, akashika ukuta. Dokta alicheka akiwa ameziba macho kwa kiganja, na alipokitoa kiganja kilikuwa kimelowa. Yasmine alisema alhamdulillah, mara tatu, kila mara kwa sauti ndogo zaidi, kisha akainamisha kichwa juu ya meza, shavu kwenye ubao, akabaki hivyo.

"Zile wiki tatu," dokta alisema baadaye, amesimama dirishani. "Nilikunungunikia."

"Ulinuna, Docteur. Haukunungunika tu."

"Nilinuna. Unisamehe."

Dokta alitaka jambo liishie hapo. Kampuni ilikuwa imeshamshtaki fundi wake, ripoti ingetoka mwezi ujao kama ilivyopangwa. Kwa nini kuwatia wanawake hofu ya kitu ambacho hakikutokea? Yasmine alisema majina si ya zahanati, ni ya wenyewe. Akavaa viatu, akapanda pikipiki ya kukodi, akaenda Kambove mchana uleule.

Alimkuta Mama Suzanne nyumbani, anatwanga mihogo mikavu pamoja na binti yake, Princesse. Mama Suzanne alimtazama usoni, akamtuma Princesse kwa jirani kuomba chujio.

Yasmine alimweleza yote bila kuficha: fundi, nakala, ujumbe, neno moja lililoonekana na nani aliyeliandika. Mama Suzanne alisikiliza mikono juu ya mchi. Kwenye neno "makanisa" alifumba macho.

"Kwa hiyo jina yangu haikuonekana," alisema.

"Haikuonekana, mama."

"Na ya batoto bangu?"

Yasmine hakuwa amefikiri kwamba wale watoto wawili walikuwa na majina. Alikumbuka sasa kwamba Mimi alikuwa ameyaandika, kwenye sehemu ya maelezo, kwa sababu mama aliomba yaandikwe.

"Nayo haikuonekana. Hakuna mutu aliyaona, mama. Hata miye, sikuwahi kuyasoma."

Mama Suzanne aliuegemeza mchi ukutani. Akakaa chini, miguu ameinyoosha mbele kama msichana, akapumua kwa muda mrefu. Yasmine akakaa karibu naye. Kuku walikuja kuangalia kama kuna unga ulioanguka.

"Nilifikiri unakuya kuniambia nihame," Mama Suzanne alisema mwishowe. "Nilikuona kwa mulango, nikaanza kuhesabu sufuria. Ile nitabeba, ile nitaacha."

Akacheka kidogo, akafuta pua kwa kitambaa.

"Batoto bangu, mumoja ni Germain, mwingine ni Élysée," alisema. "Sasa weye unajua. Usiiandike pahali ingine."

"Sitaiandika, mama."

Princesse alirudi na chujio, akawakuta wamekaa chini, akawauliza kwa nini wanakaa kwenye vumbi wakati viti vipo. Mama yake akamwambia aweke motoni maji ya bukari, ugali wa kwao, kwamba mgeni hajala tangu asubuhi. Hilo lilikuwa kweli, na Yasmine alishangaa amejuaje. Alikula mabonge mawili makubwa na samaki na matembele, na kabla hajamaliza la tatu usingizi ulimshika palepale kwenye kiti, jua likiwa bado juu. Mama Suzanne akamwondolea sahani mapajani, akamwambia Princesse atwange polepole.