Mfuko Usio na Tofi

Watoto wa kaka yake walimpachika jina la Shangazi Tofi, na mwenyewe alilipenda. Alikuwa fundi cherehani, hakujaliwa mtoto, na kila sikukuu alifika kwa kaka yake na mfuko umejaa tofi na peremende. Hata viatu hajavua, watoto wameshamning'inia kama nguo kwenye kamba.

Safari hii, sikukuu ikikaribia, wifi yake alimpigia simu. Alianza kwa kuulizia wateja, akapitia habari za mvua, mwisho ndipo akatoboa: kitinda mimba wake alikuwa ameng'olewa meno mawili yaliyooza, baada ya kulia mpaka sauti ikamkauka. Daktari wa meno alikuwa amewaonya juu ya vitu vya sukari, hasa vile vinavyonata.

"Wifi, usinielewe vibaya," alimalizia.

Shangazi alisema hana kinyongo. Lakini simu ilipokatika alibaki mbele ya cherehani, mguu hauendi. Tofi zile zilitoka mkononi mwake, na moyo ulimuuma. Chini ya uchungu huo kulikuwa na woga aliouonea haya: bila tofi, nani angemkimbilia mlangoni?

Kwanza aliwaza kumfungia mdogo matunda yake peke yake, wakubwa waendelee na tofi. Kisha akamwona akilini, kaketi pembeni na kibakuli kama mgonjwa, wenzake wakitafuna. Wazo hilo akalitupilia mbali.

Akaingia sokoni, akawa kero kwa wauzaji. Zabibu kavu alizibonyeza, zikamganda vidoleni, akazirudisha. Juisi ya boksi aliigeuza akasoma ubavuni, akakuta sukari imeandikwa mara tu baada ya maji, nayo akaiacha. Mwishowe alirudi na mahindi ya bisi, jibini na matango. Alikaanga bisi kwa chumvi kidogo, akakata jibini na matango vipande vya kuingia mdomoni mara moja. Halafu akachukua mabaki ya vitambaa vya wateja, akashona vifuko, kila mtoto chake, vyote saizi moja.

Siku yenyewe, mtoto mkubwa alichungulia mfukoni kabla ya salamu. Uso ukamshuka.

"Tofi ziko wapi, Shangazi?"

"Mwaka huu hakuna. Kwa mtu yeyote."

Kijana alinuna, akachukua kifuko chake kwa ncha za vidole, akaenda zake barazani. Wengine wakapokea, wakashukuru kwa sauti ya chini.

Kitinda mimba alikuwa amejificha nyuma ya mama yake. Alikuwa ameambiwa asiombe kitu. Shangazi alipomwita, alisogea kiganja kikiwa mdomoni, kuficha pengo.

"Na mimi?" aliuliza.

"Na wewe. Sawasawa na wenzako."

Mtoto alifungua kifuko, akanyoosha shingo kuchungulia cha dada yake, akahakikisha. Hapo kiganja kikashuka, akacheka pengo wazi, akajiketisha kwenye mapaja ya shangazi yake na kuanza kula.

Wifi alileta jagi la maji na bilauri. Alimshika Shangazi bega, akaketi ubavuni pake. Kutoka barazani ilisikika bisi ikitafunwa kwa kasi.

"Zimebaki nyingine?" kijana akauliza kutoka huko huko.