Kitana, Chumvi na Nywele za Senge

Senge Chesang alikuwa ameshaamua kumkataa yule kijana kabla hata hajafika langoni. Alikuwa na sababu tatu. Kwanza, ni mwalimu, na walimu hawajui kunyamaza. Pili, anatoka Bumula, kule Bungoma, mbali na Kitale. Ya tatu hakumwambia mtu: Jerono ni mtoto wa marehemu kaka yake, amemlea tangu ana miaka minne, na akishaolewa huko kwenye miwa, nani atakuja kumwona yeye? Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yenyewe. Zile mbili zilikuwa za kuisindikiza tu.

Na kwao, senge, yaani shangazi wa upande wa baba, akisema hapana, posa imekufa.

Basi Jumapili moja ya Januari 1987, kiangazi kimekausha kila kitu, Barasa, kijana mwenyewe, akaingia. Lo, kichwa kile! Alikuwa ametia nywele dawa ya mawimbi, ile fasheni ya kudondosha mafuta iliyowapagawisha vijana miaka hiyo. Akaketi, akaegemea bila wasiwasi, na kitambaa cheupe cha kiti, ambacho senge alikifuma mwezi mzima kwa mikono yake, kikapata doa la ukubwa wa sahani. Jerono, ambaye kichwa chake kilikuwa kinadondosha mafuta vilevile, akatazama dari.

"Senge," akaanza Barasa, maana hata kwao Wabukusu shangazi ni senge, "unajua ulimwengu wote umeshikwa na nguvu nne tu?"

Hakuna aliyemuuliza. Akaeleza hata hivyo. Mbili zimejificha ndani kabisa ya chembe ndogo za vitu. Ya tatu ni ile ya dunia kuvuta kila kitu chini. Ya nne ni ya umeme: chaji zisizofanana huvutana, zinazofanana husukumana.

"Na kati ya hiyo ya dunia na hiyo ya umeme, gani kali?" akauliza senge.

"Ya umeme, senge. Tena kwa mbali sana."

Senge akatabasamu, na Jerono akaogopa, kwa sababu alilijua tabasamu lile. Senge akaenda jikoni, akarudi na sahani. Ndani yake kijiko cha chumvi na kijiko cha pilipili manga iliyosagwa, vyote vimekorogwa pamoja.

"Kuku iko motoni," akasema. "Ikiiva kabla hujatenganisha hii, utakula, utashukuru, na utarudi Bumula peke yako. Usiweke maji. Na usipulize."

Barasa akacheka, mjinga yule! Akachomoa kitana cha plastiki mfukoni, akakisugua kichwani kwa madaha, akakishusha juu ya sahani. Pilipili ikatulia tuli. Kisha tone nene la mafuta likadondoka katikati ya chumvi.

"Hiyo ndio nguvu ya nne?" akauliza senge.

Kicheko kikamkauka Barasa. Harufu ya kuku ilikuwa imeanza kuingia sebuleni. "Mafuta ndio inaharibu," akanong'ona. "Inataka nywele kavu." Akamtazama Jerono: mafuta matupu. Akamtazama paka. Paka akaelewa, akatoka nje. Ndipo macho yake yakatua kwenye kitambaa cha kichwa cha senge.

"Senge... naomba nywele yako."

"Ati nini?"

Tangu mumewe afe, kichwa kile kiliguswa na Jerono tu, kila Jumapili. Asubuhi hiyohiyo alikuwa amemwosha kwa sabuni na maji, akamkausha juani. Senge alitaka kumfukuza kijana pale pale. Lakini akafikiri: mwache ajiaibishe mwenyewe. Akafungua kitambaa.

Jerono akakiosha kitana kwa sabuni, akakifuta kikakauka. Barasa akasimama nyuma ya kiti akaanza kuchana.

"Pole pole bana, si jembe hiyo!"

Kitana kikalia tisi-tisi ndani ya zile mvi. Barasa akakisogeza juu ya sahani, ikabaki nafasi ya kidole. Chembe moja nyeusi ikaruka juu. Ikafuata ya pili. Halafu pilipili ikapanda kundi zima, ikakishika kitana, na chumvi ikabaki chini.

"Woi!" senge akapiga kelele, akasahau kwamba amekasirika. "Dunia yote inaivuta chini, na Mlima Elgon ndani yake, na kitana kimeshinda?"

"Kimeshinda, senge."

Akachana, akavuta, akachana tena. Kuku ilipoiva chumvi ilikuwa nyeupe, isipokuwa pale penye tone la mafuta, ambapo hakuna nguvu hata moja kati ya zile nne iliyosaidia.

Lakini pilipili iliyobaki kwenye kitana ikaanza kudondoka.

"Mbona inaachilia?"

Jerono akamkonyeza Barasa adanganye. Hakuweza. "Chaji inaisha, senge. Haikai milele. Lazima usugue tena."

Senge akamtazama Jerono. "Basi ukimpeleka huyu Bumula, yangu pia itaisha."

Akaokota kitambaa chake cha kichwa.

"Kila mwisho wa mwezi atakuja kuniosha hii kichwa. Mwezi mmoja upite hajafika, nakuja kumchukua mwenyewe."

"Nitamleta mimi, senge."

"Umlete," akasema, akijifunga kitambaa chake. "Lakini wewe utakalia stuli."