Mashine ya Salwa Katika Chumba cha Mbele

"Jumamosi hii ikikwama tena, utaitoa," wifi yangu Mwanahalima alimwambia mjukuu wangu Salwa. Alikuwa anapepeta mchele na hakuinua uso. "Chumba atachukua Luqman. Sitaki tena watu watoke nyumbani kwangu wanatukana."

Nyumba hii ya Kaloleni ni yake, aliachiwa na baba yao. Mimi niliolewa na kaka yake, na tangu afariki ninakaa kwa hisani ya wifi, jambo ambalo hanipi nafasi ya kulisahau. Salwa alipomaliza chuo akakosa kazi, Mwanahalima alimpa chumba cha mbele afungue banda la gemu. Alimpa kwa maneno makali, lakini alimpa.

Salwa hakuwa na mashine yenyewe ya gemu. Alikuwa na kompyuta ya mtumba, na ndani yake programu ya kuiga mashine hiyo. Aliwahi kunieleza, "Bibi, ni kama mkalimani mkutanoni. Gemu inaongea lugha ya mashine nyingine, na kompyuta inatafsiri papo hapo bila kupumzika. Ndiyo maana inataka nguvu."

Mwanzoni gemu ya mpira ilikwenda vizuri. Baada ya muda mfupi wachezaji walianza kutembea kama wanavuka matope, na sauti ikakatikakatika. Vijana walitupa pedi za kuchezea mezani wakaondoka.

Salwa alijaribu kila alilolijua. Alipunguza ukali wa picha. Alifunga programu nyingine zote. Alibadilisha mipangilio ili kompyuta isibane matumizi ya umeme. Aliweka toleo jipya la programu ya kadi ya picha. Mwisho akaibeba kwa fundi Levolosi, na kule ikacheza mchana kutwa bila kukwama. Fundi akasema haina ugonjwa. Salwa akairudisha nyumbani, ikakwama siku hiyo hiyo.

"Kwa fundi inakimbia, hapa inatambaa," Luqman alisema. Huyu ni mwana wa Mwanahalima, mtu mzima mwenye ndevu, na chumba hicho alikitaka kwa duka la simu. "Labda inakuogopa wewe."

"Au kuna mtu anaichezea nikiwa sipo."

"Mtaje jina."

"Unalijua. Ulipewa ulipozaliwa."

Tangu hapo hawakusalimiana. Wakati wa kula Luqman alisogeza bakuli la mchuzi upande wake, na Salwa alikula wali mkavu kuliko kumwomba. Alianza kufunga chumba kwa kufuli. Ufunguo wa pili ulibaki kwa Mwanahalima tu, kwa sababu ndiye anayefagia kila asubuhi, na hakuna mwingine anayefagia akamridhisha.

Katika nyumba ya wifi kila kitu kina kitambaa cha kufuma: redio, runinga, mtungi wa maji, hata simu ya mezani iliyokufa zamani. Ni vingi kiasi kwamba hakuna anayeviona tena. Kompyuta nayo ilipata chake. Mimi nilikiona, kwa kuwa kilikuwa kile cha tausi, alichofuma kwa ajili ya harusi yake na ambacho siku zote hulala sandukuni pamoja na udi. Nikajiambia, wifi analainika. Sikusema neno, maana ukimshukuru Mwanahalima anaona umemtukana.

Jumamosi vijana wa Sombetini walikuja kushindana na wa kwetu. Chumba kilijaa, nami nilikuwa nimeketi kando ya meza ya kompyuta. Luqman naye aliingia na futi, akaanza kupima ukuta kwa ajili ya rafu, mbele ya macho ya Salwa.

Kipindi cha pili mshambuliaji aliinua mguu apige, akakaa nao hewani.

"Banda gani hili?" kijana mmoja akasema. "Tumetoka mbali kuja kuangalia picha ya ukutani?"

Salwa akamgeukia Luqman. "Umeifanya nini?"

"Nimeshika futi. Unaniona."

"Nyoka wewe."

"Na wewe mgeni. Wewe na bibi yako."

Mwanahalima alikuwa amesimama kwenye mlango wa ndani. Hakumkemea mwanawe. "Salwa," alisema, "anza kukusanya vitu vyako."

Nilitaka kutoka nisionekane nikilia. Nikaegemea kompyuta ili nisimame, na nikaondoa mkono haraka. Ilikuwa ya moto kama sufuria iliyoepuliwa. Ulikuwa mwezi wa saba, mlima Meru umejifunika ukungu na kila mtu yuko ndani ya sweta. Nani angefikiria joto?

Nikazunguka nyuma yake, upande unaotazama ukumbini, ambako Salwa na wachezaji hawaoni. Kitambaa cha tausi kilikuwa kimekunjwa mara mbili na kuteremshwa hadi chini, kikabanwa kwa pini. Nikachomoa pini.

"Salwa, hii inapumulia wapi?"

Alikuja, akainama. "Nani kaziba feni?" Alimtazama Luqman kwa jicho baya. Kisha akaona pini mkononi mwangu, zile za vichwa vya buluu ambazo Mwanahalima hubania mtandio wake.

"Kumbe ni wewe, Bibi Mwana."

"Nyaya zilitazama ukumbini kwangu kama utumbo wa mbuzi," Mwanahalima alisema. "Na vumbi je? Ningeliacha liingie?"

"Ulitaka niondoke."

"Ningetaka uondoke, ningetumia mdomo."

"Kitazame kwanza kitambaa chenyewe," nilimwambia Salwa, nikakikunjua.

Luqman ndiye aliyekitambua. Futi ilijikunja yenyewe mkononi mwake. "Mama," alisema, "hata mimi nilipooa ulininyima hiki."

Feni ilinguruma, ikatema hewa ya moto, na baada ya muda ikatulia. Salwa aliifungua gemu upya. Wachezaji wakakimbia kama watu wenye miguu yao. Walicheza hadi adhana ya alasiri na haikukwama hata kidogo. Mwanahalima alisimama palepale mlangoni mpaka mwisho, kisha akamwambia Luqman, "Chukua futi yako." Luqman alitoka bila kumuaga mtu.

"Nisamehe, Bibi Mwana," Salwa alisema. "Na asante."

"Asante ya nini? Fagia haya maganda ya karanga."

Asubuhi iliyofuata nilimkuta barazani na uzi mweupe, anafuma kitambaa kipya chenye matundu makubwa, yai lingepita.

"Cha nini hicho, wifi?"

"Cha redio."

Redio ina chake. Nilikaa karibu naye, nikamshikia donge la uzi lisibingirike vumbini, na hakuniambia niondoke.