Domina Mgonjwa Sana, Rudi

Leokadia alituma telegramu ya kweli, na hilo ndilo lililokuwa kosa lake.

DOMINA MGONJWA SANA RUDI. Aliyataja maneno hayo herufi moja moja kwa mwanamke wa simu ambaye hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji, na kwa kuwa mwanamke yule alikosea akarudia, akakosea tena, Leokadia akafupisha. Alikuwa na mengine ya kusema. Kwamba mtoto amelazwa. Kwamba moyo wake, ule uliozaliwa na tundu, umeelemewa na kichomi. Kwamba madaktari wanangoja homa ishuke wapate kumpasua, na kwamba anamlilia baba yake asubuhi na jioni. Yote hayo aliyaacha, akarudi hospitali mbio juu ya barafu.

Sasa, mtu yeyote wa kwetu anajua telegramu ya namna hiyo ina maana gani. Kwetu haandikiwi mtu kwamba jamaa yake amekufa. Anaandikiwa kwamba ni mgonjwa sana, arudi, naye anafunga mizigo huku amekwisha kuanza kulia. Mgonjwa wa kweli hutumiwa barua, tena ndefu, yenye salamu za jirani na habari za ng'ombe. Lakini Leokadia alikuwa na mwaka wa sita Uswidi akisomea uuguzi, amewazoea watu wanaosema mvua inanyesha kwa sababu inanyesha. Nchi ya watu ilikuwa imemwosha ulimi bila yeye kujua.

Mumewe, Damian, alikuwa Meksiko. Chuo chake cha Stockholm kilimpeleka akatazame mashine za kuchambua mkonge, maana mkonge wa Tanga asili yake ni huko, na Damian alikuwa mtu wa mkonge kuliko alivyokuwa mtu wa Ulaya. Hata hivyo barua zake zilisifu zaidi kiwanja cha ndege cha Jiji la Meksiko. Kiwanja kile, aliandika, kimo mjini kabisa, mahali palipokuwa ziwa zamani, na ndege zinashuka karibu ziguse kamba za kuanikia nguo. Na msafiri mmoja anasindikizwa na ukoo mzima: bibi, mashangazi, vichanga, mtu na gitaa lake, chakula kwenye vitambaa, na vilio juu yake. "Mama Domina, hapa ni kwetu," aliandika. "Huko kiwanja cha Arlanda mtu anaagwa kama barua inavyotiwa sandukuni."

Siku ya pili baada ya telegramu, jioni, Leokadia alikuwa nyumbani Alby, kitongoji cha Stockholm, akimchukulia mtoto nguo za kulalia. Alikuwa na Wangari, jirani wa ghorofa ya chini, mwanamke wa Nyeri aliyemfuata mumewe masomoni na sasa anapika katika shule moja. Wangari alimsindikiza ili asije akapitiliza kituo cha treni kwa mawazo. Kwa mara ya kwanza wiki ile moyo wa Leokadia ulikuwa umetulia kidogo, kwa sababu chuo kilikuwa kimempatia Damian tiketi, na ndege yake ilikuwa ya asubuhi ya huko. Kwa hesabu yake, mumewe alikuwa angani.

Simu ikalia. Sauti ya mwanamke wa simu, kisha nyingine, kisha makelele kama ya soko.

"Mama Domina."

"Baba Domina! Uko wapi? Ndege imechelewa?"

"Niko kiwanjani Meksiko. Ndege imeondoka."

"Imeondokaje bila wewe?"

"Waliniita," Damian akasema. Alikuwa akiongea polepole, kama mtu anayesomewa maneno. "Waliniita kwenye kipaza sauti mara tatu, wanalivunjavunja jina langu. Nami nimekaa kwenye kiti nautazama mlango. Nilisikia. Miguu ndiyo haikuinuka." Kisha akauliza, "Mmemzika lini?"

Leokadia hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa. Aliiona telegramu yake kama alivyoisoma Damian, akatamani kujipiga kofi.

"Hajafa! Baba Domina, hajafa, yuko hai! Naapa kwa Mungu!"

"Hata Padri Evodius aliniapia."

Neno lile lilimchoma, kwa kuwa alijua limetoka wapi. Damian alipokuwa kibarua wa mkonge Tanga, ililetwa telegramu kwamba mama yake ni mgonjwa sana. Leokadia, mchumba wake wakati huo, alisafiri naye hadi Bukoba. Padri Evodius alimwapia Damian kwamba mama yuko hai, huku amemnong'oneza Leokadia ukweli kabla ya safari, akamwonya asiseme. Treni iliposimama Tabora, Damian aliteremka kumnunulia mama yake machungwa. Aliyachagua moja moja, anayaminya, anauliza kama ni matamu, na Leokadia amekaa dirishani anamtazama. Walipofika, kaburi lilikuwa limekwisha kuota majani. Damian hakumgombeza. Alisema mara moja tu, baada ya harusi yao: "Ulinitazama nikichagua machungwa." Sasa utamwambiaje mtu huyo neno akaliamini?

"Si kama mama," Leokadia akalia. "Safari hii ni kweli. Ni mgonjwa tu. Ni mgonjwa kweli!"

"Ndivyo inavyosemwa."

"Basi kwa nini hukupanda uje umwone?"

"Nikipanda nitafika. Nikifika, atakuwa amekufa." Sauti yake ikakatika. "Hapa nilipokaa, bado."

Wangari, aliyekuwa amesimama na nguo za mtoto mikononi, hakuweza kuvumilia. Akamnyang'anya mwenzake simu.

"Baba Domina, ni mimi Wangari. Wacha kuwa na wasiwasi. Mtoto yuko sawa kabisa, anaendelea tu vizuri, hana shida yoyote. Wewe kuja tu pole pole, usiharakishe. Mungu ni mwema."

Maskini Wangari! Hata angetafuta mwaka mzima asingepata maneno mabaya kuliko hayo, maana hayo ndiyo hasa anayoambiwa mfiwa njiani. Upande wa pili Damian alianza kulia, kilio cha mwanamume asiyezoea, na nyuma yake kiwanja kizima kikiendelea na vicheko na buriani zake.

Leokadia akairudisha simu mkononi mwake. Kila la faraja alilokuwa nalo lilikwisha kutumiwa na waongo, na yeye alikuwa mmoja wao. Ndipo hasira zikampanda, hasira za siku nyingi za kukosa usingizi, zikatoka bila kupita kichwani.

"Sikiliza wewe! Mwanao hana adabu! Jana kamtemea muuguzi dawa usoni. Daktari kamwekea kidole mdomoni atazame koo, kamng'ata, kamng'ata mpaka daktari wa watu kafungwa bendeji! Mimi ananiambia kwa Kiswidi kwamba mimi ni mjinga, niondoke, hanitaki, anamtaka pappa. Nimekaa naye siku zote hizi, mgongo unaniuma, leo alfajiri kanikojolea mapajani na hakusema hata pole. Uje umchukue mwanao, Damian. Mimi nimechoka naye!"

Kisha kikasikika kitu ambacho hakikuwa kilio.

"Kamng'ata daktari?"

"Kidole cha shahada. Na hakukiachia."

"Yule mtoto ni bibi yake mtupu," Damian akasema, akicheka na kupenga kamasi. "Mama Domina, yuko hai?"

"Si nimekwambia!"

Kwetu marehemu hatetwi. Hata aliyekuwa mwizi, akishalazwa chini huwa mpole na mcha Mungu. Mtoto anayesemwa vile hawezi kuwa amekufa, na Damian alilijua hilo kwa namna ambayo hakuna kiapo kingeweza kumjulisha. Akasema anakwenda dirisha la tiketi sasa hivi. Akarudi kwenye simu akihema: nafasi ipo, kesho asubuhi. Hatatoka pale kiwanjani. Atalala kwenye viti, asije akapotea mjini akachelewa tena.

Leokadia alirudi hospitali usoni ana nuru. Domina alikuwa amelala ameinuliwa kwa mito, midomo ina rangi ya zambarau, akafumbua macho. "När kommer pappa?" akauliza kwa Kiswidi, baba anakuja lini. Anakuja, mama yake akamjibu. Kesho anapanda ndege. Muuguzi Birgitta, aliyekuwa akibadilisha chupa ya maji, alitaka kujua kwa nini baba hakuja na ndege ya kwanza. Leokadia alifungua kinywa, akakosa pa kuanzia. Akasema ilijaa.

Kesho yake asubuhi homa ilipanda badala ya kushuka. Madaktari walikuja wawili, kisha wengi. Walimtoa Leokadia nje, wakamrudisha, na aliporudishwa alijua, kwa kuwa mashine zilikuwa zimezimwa na hakuna aliyekuwa na haraka tena. Domina alikufa kabla ya adhuhuri. Alikuwa na miaka mitano. Leokadia alimshika mpaka mikono ya mtoto ikawa mizito, na alichokifikiria, Mungu amsamehe, ni kwamba kama angeandika neno moja zaidi kwenye telegramu ile, neno moja tu, saa ile Damian angekuwa amesimama pale kitandani.

Alasiri nyumba ya Alby ilijaa. Walikuja kutoka vitongoji vya Akalla na Jordbro, Watanzania na Wakenya, wakavua viatu vyenye theluji mlangoni, wakakaa sakafuni. Walilia kwa kubana midomo kwenye kanga, kwa sababu kuta ni nyembamba, na mzee wa Kiswidi wa upande wa pili alikuwa na desturi ya kugonga ukuta hata watu wakicheka. Kilio cha kubanwa vile ni kazi ngumu, kinamrudia mtu kifuani. Leokadia yeye hakulia kabisa. Chozi lilikuwa limekwama.

Mzee Zachariah, aliyefanya kazi ghalani Jordbro na ndiye mkubwa wao, akakohoa.

"Jamani, kijana wetu yuko njiani. Bila shaka atapiga simu. Asiambiwe. Yuko peke yake kule, akianguka nani atamdaka? Tutakwenda Arlanda kumpokea, tutamleta hapa, atakula kidogo, kisha mimi mwenyewe nitamwambia."

Watu wakaitikia. Leokadia naye akaitikia, yeye ambaye miaka yote hii machungwa ya Tabora yalikuwa yamemkaa kooni. Akilini alimwona Damian kiwanjani katikati ya jamaa za watu, kila mmoja na wake, yeye hana hata wa kumshikia koti. Akaelewa kwa nini padri alinong'ona.

Saa kumi, nje kumekwisha kuwa giza, simu ikalia. Chumba kizima kikanyamaza.

"Mama Domina! Naingia sasa!" Sauti yake ilikuwa juu, ya mtu aliyekesha na hajali. "Hutaamini mambo ya huku. Kuna bibi mmoja alikuja kumsindikiza mjukuu wake, akaniona nimelala kwenye viti. Akaniuliza kwa mikono, nikamwonyesha picha ya Domina. Basi! Wamenipa mikate ya mahindi na maharage, wamenisalia rozari nzima, mjukuu amekwisha kuondoka zamani na wao wamebaki kunisindikiza mimi. Yuko hapa ameshika mkono wangu, hauachii. Anaendeleaje?"

Mzee Zachariah aliinua kiganja taratibu.

"Anaendelea vizuri," Leokadia akasema.

"Mungu asifiwe. Na leo? Leo kamfanyia nani ukorofi?"

Leokadia alilitafuta jibu. Lilikuwa jepesi. Angeweza kusema mtoto kamwaga uji, kavuta nywele za muuguzi, kakataa kuchanwa. Domina wa juzi alikuwa na ukorofi wa kuwatosha watoto wanne. Lakini Domina wa leo alikuwa amelala katika chumba cha baridi, ameoshwa, na ulimi wa mama yake ulikataa kumsingizia dhambi. Ulikataa kabisa. Alijaribu mara mbili.

"Leo hakumfanyia mtu kitu," akasema. "Ametulia tu. Amekuwa mtoto mzuri."

Nyuma ya Damian mwanamke wa kipaza sauti alikuwa akitaja miji. Wangari alijifunika uso kwa kanga.

"Mama Domina," Damian akasema baadaye, kwa sauti ndogo sana.

"Bee."

"Msimzike mpaka nifike."

Mzee Zachariah alinyoosha mkono aipokee simu arekebishe mambo. Leokadia akamgeuzia mgongo.

"Hatutamzika," akasema. "Panda ndege, Baba Domina. Nakungoja mlangoni."

Hakukata simu, wala Damian hakukata. Leokadia alimsikia akimwambia mtu kando yake neno fupi la Kihispania, akilikosea, akilirudia. Kisha bibi yule asiyemjua, aliyekuwa huko ng'ambo ya bahari katikati ya kiwanja cha ndege, akaangua kilio, si cha kubanwa, kilio chenyewe cha msiba, cha kuita jina la mtoto, na wanawe wakakipokea. Leokadia akaikandamiza simu sikioni, akafungua kinywa, akakiitikia.

Mzee wa upande wa pili aligonga ukuta mara moja, akaacha.