Ukanda wa Bibi Nyamizi

Mto wa Tandale ulipomaliza kula jiko la Mwajabu, ulianza kukinyemelea choo. Masika moja ulichukua mafiga na sufuria, masika iliyofuata ukachukua mgomba uliokuwa na mkungu, na ilipofika mwaka tisini na sita choo kilikuwa kimeinama kama mlevi anayetafuta kitasa. Baada ya choo ni nyumba. Mwajabu hakuwa na nyingine. Hiyo ndiyo aliyoachiwa na marehemu mumewe. Kila mvua iliponyesha alisikia udongo ukidondoka majini, chubwi, chubwi, kama mtu anayekula bila haraka.

Alijua maji yanapopata njia. Juu kidogo ya kwake mto ulipinda, na kwenye kona ile zamani palikuwa na matete na mikuyu, kiasi kwamba hata mto ulipofurika ulipita pale taratibu, kama mgeni anayevua viatu mlangoni. Kisha jirani yake Gregori akapunguzwa kazi kiwandani. Akafyeka kona yote, akapanda mchicha mpaka kwenye midomo ya maji.

"Gregori mwanangu," Mwajabu alimwambia, "niachie ukanda tu pale ukingoni turudishe matete. Mto unanimaliza."

Gregori alitazama jembe lake. "Mama Twalib, pale ukingoni ndipo mchicha unaponenepa. Nikikuachia pale, wanangu wale nini? Matete?"

Hakulisema kwa jeuri, na hilo ndilo lililomkata Mwajabu maini. Mtu jeuri unagombana naye. Alikwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi, naye mjumbe akamjibu, "Nyie si watani? Mtaelewana tu," akaendelea kunywa kahawa yake.

Watani walikuwa kweli. Mwajabu Mzaramo, Gregori Mnyamwezi, na mama yake Gregori, Bibi Nyamizi, ndiye aliyekuwa bingwa wao. Bibi alikuwa mkongwe, mfupi, mwenye fimbo na kikopo cha ugoro, na hakuna asubuhi iliyopita bila sauti yake kuvuka ua.

"Mzaramo! Umeamka? Nilidhani ngoma ya jana imekuua."

"Nife, mizigo yangu abebe nani? Babu zako walikuja pwani na pembe za ndovu vichwani. Wewe umekuja na mdomo mtupu!"

"Mdomo huu ndio unaokulisha mchicha wa bure, mvivu wewe."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umelalaje?"

Maana utani haufuti adabu.

Kiangazi kile Bibi Nyamizi alilala mchana baada ya kula, hakuamka. Mwajabu alilia siku nzima, akalia mpaka sauti ikamkauka, kwani asubuhi zake zilikuwa zimeondoka na yule bibi. Lakini kulia ni haki ya kila mtu. Mtani ana kazi nyingine: kumwigiza marehemu na kuwachekesha wafiwa. Siku ya mazishi alinawa uso, akaingia chumbani kwa marehemu, akajifunga khanga zake, akachukua fimbo na kikopo cha ugoro, akatoka.

Alitoka akiwa Bibi Nyamizi mwenyewe. Alikokota mguu wa kushoto vilevile. Alisimama katikati ya waombolezaji, akavuta ugoro, akapiga chafya tatu, akamnyooshea fimbo mke wa Gregori, mkwe wa marehemu: "Mboga haina chumvi! Nimekufa kwa sababu ya mboga yako!" Uani watu walivunjika mbavu. Mkwe mwenyewe, aliyekuwa hajaacha kulia tangu msiba uanze, alicheka mpaka akashikiliwa.

Wanaume walipolibeba jeneza kuelekea kwenye gari, Mwajabu alijilaza chali mlangoni.

"Hatoki mtu hapa."

Hilo nalo lilijulikana: mtani huzuia jeneza mpaka alipwe. Gregori, macho mekundu, alitoa noti akamwekea tumboni. Mwajabu akaipeperusha. Gregori akaongeza ya pili. Ikapeperushwa.

"Unataka nini, mtani?"

Hapo Mwajabu aliinua macho. Alikuwa amelala usawa wa ardhi, na jeneza la rafiki yake liko juu yake. Angeweza kuzipokea zile noti na mambo yakaisha kwa kicheko.

"Nataka ukanda wa ukingoni," alisema. "Kona nzima. Nipande matete na mikuyu."

Kicheko kilikatika. Gregori alimtazama. "Mama Twalib, hapo unanichuna ngozi."

"Basi mrudishe mama yako ndani, aendelee kulalamikia mboga."

Kaka wa marehemu, mzee aliyekuja kwa treni kutoka Tabora, aliligongagonga jeneza kwa ukucha. "Wewe Gregori. Mtani akidai mbele ya maiti, hupewa. Na anachopewa hakirudi. Au unataka dada yangu azikwe na deni la Mzaramo? Huko aendako atachekwa!"

Wapo walioanza kucheka tena, kwanza taratibu. Gregori alijifuta uso kwa kiganja. Mabega yake yalitikisika, na hakuna aliyejua kama ni kilio au kicheko mpaka alipoinua kichwa.

"Chukua!" alisema. "Chukua, mwizi mkubwa wewe! Na uondoke mlangoni, mama anapata joto!"

Vigelegele vilipigwa pale msibani kama vya harusi.

Mwajabu hakungoja. Yeye na shoga yake Mauwa walikwenda Mbezi kukata mapande ya matete na matawi ya mkuyu, wakarudi nayo vichwani. ("Leo wapagazi ni nani?" Gregori aliuliza.) Mauwa alipata mkokoteni wa samadi ya machinjioni kutoka Vingunguti, mtaa mzima ukaziba pua kwa wiki moja. Gregori alinuna, akawaangalia kwa mbali. Mbuzi wa jirani walipoingia kwenye matete machanga, ndiye aliyewafukuza, huku akitukana Kinyamwezi. Kesho yake alikuja na jembe bila kuitwa. Watu wakaanza kupaita pale Kwa Bibi Nyamizi.

Mwaka uliofuata zikaja mvua ambazo redio iliziita Elnino. Zilinyesha kana kwamba mbingu imepasuka mshono. Alasiri moja mto ulipanda ukiwa na magogo, magodoro na mlango mzima wa mtu, watu wakasimama uani kwa Mwajabu wakiwa wamebeba vyombo vyake tayari kukimbia. Ng'ambo ya pili ukingo ulimeguka, pu!

Kisha maji yakafika kwenye kona. Matete yalilala yote kwa pamoja, yakawa kama mkeka, na maji yakapita juu yake. Mikuyu michanga ilitetemeka, haikung'oka. Mwajabu alitega sikio kuisikia ile chubwi aliyoizoea. Haikuja.

"Kona inashika," Gregori alinong'ona, kisha akapaza sauti, "Inashika, jamani! Mama Twalib, inashika!"

Mauwa alitua sufuria chini akaanza kuipiga. Watu walicheza kwenye matope mvua ikiwanyeshea, na Mwajabu akacheza kuliko wote.

Maji yaliposhuka, mchicha wa Gregori ulikuwa umezikwa chini ya tope jeusi laini, lakini bustani ilikuwepo, na tope lile angeweza kulila kwa kijiko. Watu wa ng'ambo walikuwa wameshafika kuomba mapande ya matete. Gregori aliwakatia, huku akimtazama Mwajabu aliyeegemea ukuta wa nyumba yake.

"Sikiliza, Mzaramo. Siku utakayokufa wewe, nitalala mlangoni hapo. Nitadai nyumba nzima."

"Nyumba utaikuta," alisema Mwajabu, akaupiga ukuta kwa kiganja, ukatoa sauti nzito, kavu. "Na mimi humo ndani utanikuta, tena sina haraka. Haya, wakatie na wale kule nyuma, wamesimama muda."